"Kassian Angetaka Tuendelee"

Innerfalz, Tirol
19 Februari 1978

Kaka Vigil,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Australia, wewe na wifi Doreen na watoto. Sisi huku tunapumua. Macho ya Mama yamezidi kuharibika, sasa ananitambua kwa hatua zangu sakafuni. Ng'ombe wetu Gretl amezaa ndama jike. Theluji ya mwaka huu ni ya hovyo, imenyeshewa na mvua, juu ni barafu tupu.

Telegramu yako ilifika siku ya nne baada ya mazishi. Maneno kumi na moja. Mama aliniambia nisome tena, akidhani nimeruka.

Sasa nikueleze alivyokufa mdogo wetu Kassian, kwa sababu magazeti yatakuwa yamekufikia na magazeti yanasema "ajali".

Unajua tangu walipomfungia asishindane miaka ile miwili, Chama cha kuteleza kwenye theluji hakikumpa tena namba ya kifuani. Walimwachia kazi moja tu, kufungua njia: kuteremka wa kwanza kabla ya wenye namba, bila kupimwa saa, ili waone kama mteremko unafaa. Bingwa mzima, kazi hiyo. Na bado alikuwa akiwapita wote kwa kasi, na watu walimpigia kengele za ng'ombe za kushangilia zaidi kuliko walivyompigia mshindi. Kwa hiyo Mwenyekiti Kuprian alimweka. Jina lake lilijaza watu.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, alishuka mteremko kwa miguu kuukagua, mimi nimempelekea chakula. Pale Shingo ya Mbuzi, kwenye kona, uzio wa miti ulikuwa wazi. Hakuna hata robota moja la majani makavu la kumkinga mtu. Akamfuata Kuprian nami nikiwa nyuma yake.

"Mwenyekiti, Shingo ya Mbuzi iko uchi."

"Marobota yatawekwa kesho asubuhi."

"Yako wapi sasa hivi?"

"Kassian, wewe ni mfungua njia au mkaguzi?"

"Mimi ndiye wa kwanza kupita. Kwa leo ni vyote viwili."

Watu walicheka. Kuprian hakucheka. Akasema, "Kama unaogopa, sema. Nitampata mwingine."

Jumamosi asubuhi hakukuwa na robota lolote. Watu wa televisheni walikuwa wanataka kuanza mapema kabla ya mawingu. Nilikuwa naye juu mlimani, anakaza buti, kavaa helmeti yake ile aliyoichora uso uliotoa ulimi nje. Nikamwambia usiende. Akasema, "Burgl, wako ishirini na tisa nyuma yangu. Nikipita salama, watasema nilikuwa napiga kelele tu. Nikianguka watalazimika kusimamisha." Akanibusu kwenye kofia, akaenda.

Aligonga nguzo ya pili ya uzio ule. Padri alifika, akasema hakuna la kufanya ila sala.

Walimbeba hadi nyuma ya kibanda cha lifti, wakamfunika turubai. Nilikaa naye kwenye theluji, nimemshika mkono, bado una joto ndani ya glavu. Mashindano yalisimama dakika ishirini na tano. Kisha nikasikia kipaza sauti, sauti ya Kuprian, tena ya kulia: "Kassian angetaka tuendelee." Wakaendelea! Na marobota yakaja, Kaka. Yalikuwa kwenye lori nyuma ya kanisa tangu asubuhi, hakuna aliyepewa amri ya kuyashusha. Nilikaa pale na maiti ya ndugu yetu nikisikiliza kengele za ng'ombe zikimshangilia mshindi.

Siku ya mazishi Kuprian alibeba jeneza, upande wa mbele kulia. Sikumsukuma kwa sababu Mama alikuwa amenishika mkono.

Watu wananiuliza mbona hukuja. Nawaambia ni mbali.

Mimi mdogo wako,
Burgl

*

Jindabyne
2 Aprili 1978

Mpendwa dada yangu Burgl,

Salamu kwako na kwa Mama, mwambie nambusu mikono. Huku sote wazima. Doreen anakusalimu. Mwanangu wa kwanza ameng'oka meno mawili na anasema Kiingereza mpaka mimi simwelewi. Kwetu huku ndio kwanza majani yanageuka rangi, theluji itakuja mwezi wa sita. Nafundisha kuteleza watu ambao hawajawahi kuona mlima, wanashuka wamekalia makalio na wanafurahi.

Barua yako nimeisoma nikiwa karakana, nikarudi nyumbani nikamwambia Doreen naumwa tumbo. Sikuweza kuja, Burgl. Usiniulize zaidi.

Nimekuwa nikimkumbuka. Unakumbuka lile kombe la ubingwa? Wakubwa wa Chama wamekuja kijijini na suti zao na mpiga picha, wanataka picha bingwa analibusu kombe mbele ya kanisa. Yeye akaingia nalo zizini. Akalijaza maziwa, akamnywesha ndama. Picha ikatoka nchi nzima, bingwa amechuchumaa kwenye mavi, ndama kazamisha pua kombeni. Mwenyekiti anapiga kelele, "Hilo ni kombe la taifa!" Na Kassian, "Na huyu ni ndama wa taifa, Mwenyekiti, tena hana hata mama." Mimi nilikuwa mlangoni na mbao zake mbili za kutelezea begani, kazi yangu kila siku. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Na siku ile aliyokataa kumpa mkono mkubwa mmoja wa Chama jukwaani, akasema mkono wake una nta ya kupaka mbao. Haukuwa na nta. Nta nilikuwa nayo mimi.

Alikuwa mbaya sana kwa watu waliomzidi cheo na mpole sana kwa wanyama. Katikati hapo, sisi wengine, hatukujua tutapata kipi.

Kuprian naye ndivyo alivyo, Burgl. Kumchukia hakutamrudisha ndugu yetu. Mtunze Mama.

Kaka yako,
Vigil

*

Innerfalz
30 Mei 1978

Kaka Vigil,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama amesikia barua yako, akacheka pale penye ndama, kisha akaomba asomewe tena pale pale. Ana nguvu, anamenya viazi kwa kupapasa na maganda yake ni membamba kuliko yangu. Tumewatoa ng'ombe kwenda malishoni. Padri amehamishwa, huyu mpya anahubiri haraka haraka kama ana treni ya kuwahi.

Sasa la maana. Kuprian alikuja Jumapili, na keki. Akakaa kwenye kiti cha Kassian, kwa kutojua au kwa kujua. Nikamwekea kahawa kwa sababu Mama alikuwepo. Akasema wameamua jambo. Kila Januari kutakuwa na mashindano ya kimataifa hapa Innerfalz: "Ukumbusho wa Kassian Ennemoser". Waswisi watakuja, Wafaransa, televisheni ya nchi tano. Na sanamu ya shaba chini ya mteremko, Kassian amevaa sare ya Chama.

Nikamuuliza, "Sare ipi? Aliyokataa kuivaa?"

"Burgl, tusirudi huko. Ni heshima kwa familia."

"Na marobota?"

"Mahakama ilishasema ni ajali."

"Nimekuuliza marobota, sikukuuliza mahakama."

Mama akasema kutoka pembeni, "Keki hii ina sukari nyingi," na maongezi yakaishia hapo.

Lakini hakuja kwa ajili ya keki. Mteremko unaishia kwenye konde letu la majani, kama unavyojua. Bila konde hakuna pa kumalizia, chini yake ni mto. Zamani Baba aliwaruhusu kwa mdomo. Sasa mashindano ya kimataifa yanataka karatasi. Na konde liko kwa jina letu sisi watatu, yaani sasa wawili. Nilimwambia nitakula hiyo karatasi kabla ya kuitia sahihi. Akasema atafikiria njia nyingine. Alikunywa kahawa yake yote, mshenzi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi niliyoandikiwa na mwanasheria wa mjini Landeck. Inasema sisi wenye konde tunakataa. Mimi nimeshatia sahihi. Tia na wewe, uirudishe. Ni hilo tu nakuomba. Wakitaka kumkumbuka wamkumbuke penye nguzo ile, siyo kwenye majani yetu.

Na jambo lingine, kwa kuwa tunaandikiana. Novemba ile ya 1971, Chama kilipomwita Kassian kumhukumu, miezi mitatu kabla ya Olimpiki, wewe ndiye uliyempeleka mjini kwa gari. Kulikuwa na karatasi isiyo na jina, ya mtu wa karibu naye, inayosema alikuwa akilewa kabla ya kila shindano. Ndiyo iliyomfungia. Sijawahi kukuuliza. Kuna lolote unalolijua kuhusu karatasi hiyo?

Burgl

*

Jindabyne
20 Agosti 1978

Mpendwa Burgl,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Nisamehe kuchelewa. Theluji imekuwa nyingi mwaka huu na nafundisha asubuhi hadi jioni. Mtoto wa pili alikuwa na surua, sasa amepona. Doreen amejifunza kupika madonge ya mkate kama ya kwetu, ila anaweka limau. Nayala.

Nimefikiri sana kuhusu konde. Labda wewe uko karibu mno na jambo hili kuliona vizuri. Miaka ishirini ijayo sisi tutakuwa wazee, nani atamjua Kassian? Mashindano yenye jina lake yatabaki. Watoto watauliza huyu alikuwa nani. Kuprian atakufa, jina litabaki. Je, si hiyo ndiyo ingekuwa namna ya kumshinda?

Ile karatasi ya mwanasheria sijui nimeiweka wapi, nilihamisha meza. Nitaitafuta.

Kuhusu 1971, ni zamani, Burgl. Nilikaa nje kwenye benchi. Mlango ulikuwa mnene.

Mwambie Mama nitapiga simu posta siku ya mtakatifu wa jina lake.

Vigil

*

Innerfalz
15 Oktoba 1978

Vigil,

Mama hajambo. Alikaa posta siku ya jina lake, kavaa gauni jeusi la sikukuu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi posta ilipofungwa. Hukupiga.

Kuprian alinisimamisha jana mbele ya duka la mkate, watu wanatazama. Akafungua mkoba, akanionyesha karatasi ya ruhusa. Sahihi yako iko chini. Tarehe 3 Julai. Mwanasheria anasema kwa haki ya kupita tu, sahihi ya mmoja wa wenye konde inatosha.

Tarehe 3 Julai. Kisha Agosti unaniandikia kwamba umehamisha meza.

Kuprian aliniambia, "Kaka yako ni mtu mwenye busara, amewahi kutusaidia hata zamani." Akasubiri niulize alisaidia nini. Nilinunua mkate wangu nikaenda.

Wasingekuwa na sahihi yako wasingepata kitu. Sasa sanamu imeshafika, imefungwa magunia, iko kwenye banda la gari la zimamoto. Nimechungulia tundu moja. Wamemnyoa nywele.

Nakuuliza mara ya pili, na kwa utulivu. Kuna kitu unataka kuniambia?

Mimi langu nitalifanya. Usiniulize ni lipi.

Burgl

*

Jindabyne
12 Novemba 1978

Burgl mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Una haki ya kunikasirikia. Siku ile nilikaa na simu mkononi, nikakosa la kumwambia Mama. Huo ndio ukweli.

Nilitia sahihi kwa sababu zangu. Siwezi kuziandika. Nakuomba tu usifanye jambo litakalokupeleka mbele ya polisi, Mama ana wewe peke yako. Kuprian anaweza kuumiza watu kuliko unavyojua. Ana droo zake.

Theluji yetu imeyeyuka. Doreen na watoto wanakusalimu. Niandikie hata kama ni kunitukana.

Vigil

*

Innerfalz
28 Januari 1979

Vigil,

Mama yuko salama, ng'ombe wako salama, mimi siko jela. Nimekaa leo Jumapili baada ya misa nikuandikie kwa urefu, kwa sababu nataka ulione lote kama lilivyokuwa.

Shindano lilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe 20. Jua zuri, anga ya buluu. Mabasi kutoka kote. Bendera. Walijenga jukwaa kwenye konde letu, pembeni ya mstari wa mwisho, sanamu katikati imefunikwa kitambaa cheupe. Na Shingo ya Mbuzi, Vigil, ilikuwa na marobota mia mbili. Nilihesabu. Mia mbili, mwaka mmoja baadaye.

Nilisoma ile karatasi uliyoitia sahihi, neno kwa neno. Inasema wana haki ya kupita. Haisemi mwenye konde asifanye kazi yake ya ukulima.

Tanki la samadi nilikuwa nimelijaza tangu Jumatano. Mavi ya ng'ombe kumi na nne, mkojo na yote, yamevunda vizuri, na banda nililifunga madirisha ili mavi yasigande. Saa nne na nusu, nusu saa kabla ya kuanza, nikawasha trekta. Mama alikuwa ameniuliza asubuhi, "Leo unavaa buti za zizini kwenda kwenye sherehe?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi vaa na skafu nene," asiulize zaidi.

Nilipofika getini, mlinzi wa Chama alidhani naleta maji. Akanifungulia kwa heshima. Nikaingia hadi kwenye mstari wa mwisho, nikageuza, nikafungua bomba.

Sijui kama huko kuna theluji nyeupe kama ile. Nilitaka uione. Niliichora kahawia kutoka ukingo hadi ukingo, taratibu, gia ya kwanza, kama Baba alivyotufundisha, bila kuruka hata hatua moja. Upepo ulikuwa unatoka mtoni kuelekea jukwaani. Wageni wa heshima walisimama wote kwa pamoja kama kanisani. Mpiga picha mmoja wa televisheni alifunika pua kwa kofia yake na mkono wa pili akaendelea kupiga.

Kuprian alikuja mbio, anateleza, suti mpya.

"Burgl! Umerukwa na akili? Unafanya nini?"

"Naweka samadi, Mwenyekiti."

"Januari?!"

"Kassian angetaka niendelee."

Nilisema kwa sauti, na kipaza sauti chao kilikuwa wazi pale mezani. Bonde zima lilisikia. Sijawahi kusikia watu elfu nne kimya vile. Mtu mmoja nyuma akapiga kengele ya ng'ombe mara moja, akaacha.

Kuprian akasogea karibu, uso umemwiva. Akasema kwa chini, mimi tu nisikie, "Unamlipizia kisasi mtu asiye na hatia. Kamuulize kaka yako nani aliandika ile karatasi ya 1971. Ninayo kwenye droo. Mwandiko wake."

Nikamwambia, "Najua."

Nikamwendeshea trekta kando, nikamaliza mstari wangu.

Mashindano hayakufanyika. Walijaribu kukoroga na theluji ya pembeni, wakazidi kuharibu. Washindani walishuka polepole kutoka juu, na walipofika Shingo ya Mbuzi walivua namba zao za kifuani, wakazitundika kwenye nguzo ya pili, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewaambia. Mswisi mmoja, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa akishindana na Kassian zamani, alikuja hadi kwenye trekta, akavua helmeti. Akasema, "Dada, unanuka vibaya sana." Akanipa mkono na glavu akaivua.

Jioni ile televisheni ilionyesha kila kitu, na mtangazaji akalazimika kueleza kwa nini, na ili aeleze kwa nini ilibidi ataje marobota na lori na zile dakika ishirini na tano. Magazeti yakaja. Dereva wa lori aliyenyamaza mwaka mzima akasema mbele yao kwamba alisubiri amri na amri haikuja. Jumatano Kuprian amejiuzulu kwa sababu za afya. Sanamu wameirudisha kwenye banda la zimamoto.

Hilo lilikuwa la Kuprian. Sasa la kwako.

Nilisema najua, na najua tangu kiangazi cha 1972, miezi miwili baada ya wewe kuondoka. Tulikuwa juu kwenye kibanda cha majani, mimi na Kassian, tunapakia. Siku ya hukumu walimwekea ile karatasi mezani, Vigil. Hawakuwa wamekata kitu zaidi ya jina la aliyeandika. Alipoona ile K ya jina lake mwenyewe yenye mkia mrefu, alijua. Nani mwingine alimwandikia jina hilo kwenye mbao zake kila asubuhi kwa miaka saba? Aliinuka, akasema, "Sawa," akatoka, ukamrudisha nyumbani kwa gari. Aliniambia mlizungumzia hali ya hewa njia nzima.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Akanikataza. Akasema, "Akijua kwamba najua, hatarudi tena nyumbani, na Mama atakuwa amempoteza mtoto. Apa." Nikaapa kwa jina la Mama. Miaka sita nimekuandikia habari za ng'ombe.

Alipokufa nilifikiri, sasa atakuja, atasema mwenyewe. Hukuja. Nikakuuliza mwezi wa tano, ukaniambia mlango ulikuwa mnene. Nikakuuliza mwezi wa kumi, ukaniambia una sababu zako. Nilikuwa nakufungulia mlango, Vigil, na wewe ulikuwa unauegemea upande wa pili usifunguke.

Kassian alinikataza mimi. Kassian amekufa. Sikatazwi tena na mtu.

Wasingemfungia, angeenda Olimpiki. Angeenda, asingekuwa mfungua njia akiwa na miaka thelathini na moja. Mfungua njia siku ile angekuwa mwingine. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi na kila mara inaishia kwako.

Mama hajui. Mama anajua tu kwamba una sababu zako. Nakupa mpaka Pasaka. Mwambie wewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na nitamwambia kwa maneno yangu, na maneno yangu unayajua.

Burgl

*

Jindabyne
4 Machi 1979

Burgl,

Nimeipata. Doreen alikuwepo nilipoifungua, na safari hii sikumwambia naumwa tumbo. Nimemwambia yote. Hajanisemesha siku tatu.

Ni mimi. Niliandika kwa mkono wangu kwenye meza ya Kuprian. Hakunitisha, nataka ujue hivyo. Aliniuliza tu kama nina uchungu, na nilikuwa nao. Nilikuwa bora kuliko Kassian hadi goti langu lilipovunjika, unakumbuka au umesahau kama wote? Kisha miaka saba napaka nta mbao zake, nabeba mbao zake, nampigia magoti kumfunga buti, na yeye anafanya mzaha mbele ya wapiga picha na wote wanacheka, hata mimi. Alikuwa analewa mara moja moja. Mimi niliandika kwamba ni kila mara. Kuprian akasema kuna kazi Australia, atanipa barua. Nilifikiri watamfungia mwezi mmoja. Burgl, nilifikiri ni mwezi mmoja.

Mwezi wa sita mwaka jana Kuprian aliniandikia kwamba karatasi bado iko kwenye droo yake, na je, nitamsaidia na konde. Ndiyo sababu ya sahihi. Nilisaini ili Mama asijue.

Na yeye alijua. Safari ile ya gari. Aliniambia, "Kesho itanyesha, Vigil, tuwahi kuni za Mama." Nimekuwa nikiyasikia maneno hayo tangu barua yako ifike. Ungenitukana tu ingekuwa nafuu. Unajua hilo, ndiyo maana uliniandikia habari ya gari ile.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ya Mama. Nimeandika yote humo, sikuficha kitu, kurasa kumi na moja. Macho yake hayaoni, kwa hiyo nakuomba umsomee wewe. Soma kama ilivyo. Usipunguze, na nakusihi usiongeze.

Vigil

*

Innerfalz
18 Aprili 1979

Vigil,

Tumsifu Yesu Kristo. Theluji imeondoka kondeni, mto umejaa. Msalimie wifi Doreen, mwambie nimemheshimu kwa zile siku tatu.

Barua yako ilifika Jumatano Kuu. Nilingoja Pasaka ipite, nisije nikaiharibu. Jumatatu, baada ya chakula, nikamwambia Mama kuna barua yake kutoka kwako, nimsomee.

Akanyoosha mkono. Akaipima bahasha, akaigeuza, akaipapasa kingo zake.

"Nene hivi?" akasema. "Vigil haandiki nene hivi."

"Nikusomee, Mama?"

"Wewe unajua yaliyomo."

Nikavuta kiti karibu naye.

"Ni habari ya Kassian?"

"Ndiyo, Mama."

"Na yeye, Vigil, yumo?"

"Yumo."

Nilikuwa nimeshika kisu cha kufungulia. Nikuambie ukweli, nilikuwa nimeingoja saa hiyo miaka sita na nusu. Nilitaka kusoma kurasa zote kumi na moja, polepole, na kutua kila penye nukta.

Mama akasema, "Weka kisu."

"Mama, ameomba mwenyewe nikusomee."

"Nimesikia. Na mimi nakwambia hapana. Mtoto aliyeandika kurasa zote hizi ana mdomo. Aje akae hapa mezani, anisomee yeye, nimshike uso akisoma."

"Na asipokuja?"

"Basi sitakuwa nimejua."

Akaikunja mara moja, akaiweka kwenye mfuko wa aproni yake, akaniomba nimsogezee beseni la viazi.

Iko huko hadi leo, haijafunguliwa. Usiku anaitoa anaiweka chini ya mto, asubuhi anairudisha mfukoni. Akipiga magoti kusali naisikia ikikwaruza. Hanisemeshi juu yake na sitamsemesha. Nilidhani nimekushika vizuri, lakini Mama amekushika kuliko mimi, na hata jina lako hajalitaja kwa hasira.

Novemba atatimiza miaka themanini. Daktari anasema moyo wake si wa kutegemea.

Kutoka huko kuja huku ni siku mbili kwa ndege.

Burgl